Mfarishi wa Haifa

Tangu Idi ipite, Bi Tufaha alikuwa kiguu na njia ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mara yuko jikoni, mara yuko uani, mara yuko barazani akitazama mtaa wa Gongoni kana kwamba kuna mgeni anayemsubiri, na hakuna mgeni aliyekuwa anakuja. Nguo zilizokwisha kukunjwa alizikunjua, akazikunja upya. Akiketi kunywa chai, aliinuka kabla haijapoa. Siku moja binti yake Haifa alimwambia, "Mama, unahangaika kama kuku anayetaka kutaga." Wakacheka wote wawili, na Tufaha akapata njia ya kutoka chumbani akiwa bado anacheka.

Ukweli ni kwamba alikuwa anaukimbia mkono wake wa kulia. Mkono ule ukishughulishwa ulitulia kidogo. Ukiachwa bure ndipo ulipoanza kutetemeka, kidole gumba kikisugua cha shahada kama mtu anayevuta tasbihi. Basi hakuuacha bure. Aliupa ufagio, akaupa kisu cha vitunguu, akaupa mto wa kupiga vumbi, na usipokuwa na kazi aliuficha chini ya mtandio na kuukalia. Daktari alimpa vidonge na jina la ugonjwa, akamwambia kwa upole kwamba hauponi, unabembelezwa tu. Vidonge Tufaha alivichukua. Jina aliliacha palepale juu ya meza ya daktari, kwa sababu hakuwa na pa kuliweka nyumbani.

Hakumwambia mtu, na hasa hasa hakumwambia Haifa. Haifa alikuwa ameolewa baada ya Idi na Yaser, kijana wa ukoo anayefanya kazi Maskati. Nikaha ilifungwa hapahapa Tabora, bwana akarudi kazini, na sasa zilikuwa zinangojwa karatasi za safari ili mke amfuate. Haifa alikuwa na miaka thelathini na miwili. Walikwisha kuja wachumba wengine kabla ya huyu akawakataa, na watu wakaanza kumpangia maneno. Huyu alimtaka mwenyewe, alimcheka na kumtania kwenye simu mpaka mama mtu akawa anaondoka kuwapisha. Tufaha alijua kwamba binti yake akisikia neno moja tu la ugonjwa, sanduku litarudishwa juu ya kabati na simu za Maskati zitakuwa fupi, kisha chache, kisha hazitakuwepo.

Alijua kwa sababu yalimpata yeye. Alipokuwa msichana alipata nafasi ya kusomea uuguzi Mwanza, na mchumba alikuwepo pia, mtu wa Kigoma mwenye sauti nzuri. Mama yake akaanguka kiharusi. "Nenda, mwanangu," mama alimwambia kwa ule upande wa mdomo uliobaki, "mimi Mungu ataniangalia," na huku ameushika upindo wa kanga ya binti yake hauachii. Tufaha akabaki. Hakuna aliyemlazimisha; alibaki kwa wema wake, na wema ule ulimla ujana wote. Mtu wa Kigoma akaoa kwingine. Baadaye sana ndipo Tufaha alipoolewa na mwanamume mtu mzima, akamzaa Haifa peke yake, akafiwa. Hakuwahi kumlaumu mama yake kwa mdomo. Ila kaburini kwake hakwenda mara nyingi kama inavyompasa mtoto mwema, na mwenyewe alijua kwa nini.

Kwa hiyo kazi yake ilikuwa moja: Haifa aondoke asijue. Akishapanda ndege, na ajue, na alie huko huko kifuani kwa mumewe. Tatizo lilikuwa mfarishi.

Katika ukoo wa kina Tufaha bibi arusi hatoki nyumbani bila mfarishi alioshonewa na mama yake. Mababu walikuja na misafara, wakafika Unyanyembe wakakaa, na mengi ya huko walikotoka wakayasahau, mfarishi hawakuusahau. Juu vinaunganishwa vipande vya nguo za wanawake wa nyumba, kipande cha shangazi, kipande cha bibi, gauni la bibi arusi la utotoni. Katikati inatandazwa pamba. Chini shuka zito. Kisha yote matatu yanashonwa pamoja kwa mistari mirefu mpaka yanakuwa kitu kimoja kizito cha kufunikia usingizi wa watu wawili. Siku moja kabla ya safari wanawake wa ukoo huja kuutazama. Kona moja huachwa wazi. Mama hutia humo karafuu kidogo, na kuifunga kwa sindano mbele ya macho ya wote.

Vipande Tufaha alikuwa ameviunganisha zamani, mkono ulipokuwa bado mzima. Ilibaki ile mistari. Alijaribu chumbani, mlango umefungwa. Sindano ilimchoma, uzi ukamponyoka, na mshono aliofanikiwa kuupiga ulikwenda kama nyayo za mlevi. Aliufumua akaketi na pamba mapajani, akasema kwa sauti, "Sasa nitafanyaje, ya Rabi?" Kisha akavaa baibui, akatoka.

Alikwenda Isevya kwa Apolinaria. Huyu alikuwa fundi cherehani, mzaliwa wa Ziba, Mkatoliki wa kupiga ishara ya msalaba kabla ya kutia mkasi kwenye kitambaa cha mtu. Kazi yake kubwa ilikuwa viti vya bodaboda na makochi, vitu vinene ambavyo mafundi wengine wanavikimbia. Alikwisha kumshonea Tufaha foronya za viti vya sebuleni, na walipendana kwa namna ya watu wanaotaniana kila wakikutana.

"Shikamoo, Bi Tufaha. Leo jua limetokea magharibi."

"Marahaba, Mama Flavia. Nimekuja kuwa mwanafunzi wako."

Alifungua kifurushi, akamweleza. Apolinaria alivishika vile vipande kwa heshima, akavipima unene kwa vidole. "Uache hapa. Viti vya watu vitangoja, nitakushonea mimi. Keshokutwa uje uchukue."

"Hapana. Watakuja kuniuliza nani kashona. Nikisema mimi, nataka iwe kweli."

Mtu anayemdanganya mwanawe asubuhi, mchana na jioni, halafu hapa anataka kweli tupu! Lakini kila mtu ana uongo anaoumeza na uongo unaomkwama, na huu ulimkwama Tufaha. Apolinaria akainua macho ili ambishie, akauona mkono. Tufaha alikuwa ameusahau juu ya meza, nao ulikuwa unapigapiga ubao kidogo kidogo kama mvua inayoanza. Akauvuta haraka. Fundi akakitazama cherehani chake badala ya kumtazama mtu.

"Haifa anajua?"

"Hajui. Na wewe hujui."

"Mficha maradhi kifo humuumbua, Bi Tufaha."

"Kiniumbue. Lakini kingoje kwanza ndege ya Haifa iruke."

Apolinaria akaguna, akavuta kiti, akampa nafasi mbele ya mashine. Walianza na mguu wa kawaida wa cherehani, ule mdogo unaokandamiza kitambaa chini ya sindano. Walishona kijaribio cha tabaka tatu. Mwanzo ulikuwa mzuri, katikati kitambaa cha juu kikaanza kujikusanya, na mwisho wa mshono shuka la chini lilikuwa limefika zamani na la juu limebaki nyuma, limejaa mikunjo. Tufaha akivuta ili kulinyoosha, mkono ulitikisika, na sindano ikaenda kando.

"Si kosa lako," Apolinaria akasema. "Tazama hapa chini. Haya ni meno, ndiyo yanayosogeza kitambaa. Lakini yanamshika wa chini peke yake. Wa juu anakokotwa tu, amebanwa, hataki. Kitambaa kikiwa chembamba huoni. Kikiwa kinene, ndiyo hayo."

Akafungua mtoto wa meza, akatoa kitu cha chuma kinene, kibaya cha sura, kina kijimkono ubavuni. Alilegeza parafujo, akautoa mguu mdogo, akaufunga huu mkubwa, na kile kijimkono chake akakikalisha juu ya parafujo inayoshika sindano.

"Huu sisi tunauita mguu wa kutembea. Nao una meno yake, kwa juu. Sindano ikipanda unanyanyuka, sindano ikishuka unakanyaga, unamchukua wa juu kwa mwendo uleule wa yule wa chini. Bila huu, kiti cha bodaboda hakishoniki. Haya, kanyaga pedali."

"Na mikono?"

"Mikono ilale. Ionyeshe njia tu, isivute."

Rahisi kusema. Tufaha alikuwa amevuta, amekaza na amenyoosha vitambaa maisha yake yote. Mashine ikianza kunguruma mikono yake ilirukia kazi bila kuulizwa.

"Unavuta, Bi Tufaha."

"Sivuti."

"Unavuta kama mtu anayemkokota mbuzi mnadani! Ukimvuta, mguu unakosa kazi yake. Muache. Atafika mwenyewe."

Ilimchukua asubuhi nzima kuacha. Alipoweza, aliweka viganja vyote viwili juu ya kitambaa, pande mbili za sindano, akavilaza. Mkono wa kulia ukaanza mambo yake hapo hapo, mbele ya mtu, mchana kweupe. Tufaha akaona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Lakini ule mguu wa chuma haukujali kitu. Ulinyanyuka na kukanyaga, ukanyanyuka na kukanyaga, na kitambaa kikasogea chini ya mkono unaotetemeka kimenyooka kabisa, na mshono uliotoka nyuma ya sindano ulikuwa mshono wa mwanamke mzima. Tufaha akasimamisha mashine, akainama kuutazama, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja.

"Usinilowanishie pamba," Apolinaria akasema, na yeye macho yalikuwa yanamwasha.

Toka hapo kila siku alitoka. Leo anakwenda kumtazama mgonjwa mtaa wa Cheyo, kesho kuna hitima Ng'ambo, keshokutwa amesahau kitu sokoni. Haifa hakuuliza mgonjwa ni nani wala aliyekufa ni nani. Alisema tu, "Rudi mapema, mama," na Tufaha akamshukuru Mungu kwamba amezaa mtoto asiyeuliza. Akiwa Isevya alitaka kuwa nyumbani, aone kama simu ya karatasi za safari imekuja. Akiwa nyumbani alitaka kuwa Isevya. Njiani ndipo alipopumua, na njiani hapakai mtu.

Walitandaza tabaka zote tatu sakafuni, Apolinaria akazishika kwa pini kila mahali, wakaviringisha pande mbili ili ziweze kupita chini ya mkono wa mashine, wakaanza. Mstari wa kwanza ulitoka kichwani mpaka miguuni, umenyooka. Tufaha akataka kukata uzi aurudishe mfarishi kichwani aanze wa pili, Apolinaria akamzuia.

"Ukate ya nini? Geuza hapo hapo, rudi nao. Sisi Ziba tunalima na ng'ombe. Ukifika mwisho wa shamba, unawageuza, unarudi na mfereji mwingine. Nani anarudi mtupu mpaka alikoanzia? Ng'ombe wenyewe watakucheka."

Ilikuwa na maana. Fundi hakuwahi kushona kitu kirefu kiasi kile. Kiti cha bodaboda unakimaliza kabla hujakohoa. Basi wakalima. Kwenda mstari, kurudi mstari, na Tufaha akajisikia mwepesi, akaimba kidogo hata. Umeme ulipokatika Apolinaria alirudisha mkanda wa pedali ya miguu, wakaendelea, maana miguu ya Tufaha ilikuwa mizima na haikumwaibisha popote.

Siku walipovuka nusu, simu ikaita. Alikuwa Haifa. Karatasi zimetoka, Yaser amekata tiketi, safari ni wiki ijayo siku ya Jumatano. Sauti yake ilikuwa na furaha na kitu kingine ambacho Tufaha hakukingojea kukisikiliza. "Alhamdulillahi, mwanangu," akasema, akakata, akamwambia Apolinaria, "Tuutandaze tuone umefikia wapi."

Wakautandaza sakafuni.

Mfarishi ulikuwa umepinda. Hakukuwa na mkunjo hata mmoja, kila mstari peke yake ulikuwa mzuri, lakini mmoja ulilalia kulia na uliofuata ukalalia kushoto, na vile vipande vilivyokuwa vya mraba vilikuwa vimelala ubavu. Kona moja ilitangulia mbele, ya pili imebaki nyuma. Ungeutandika kitandani ungeonekana kama kitanda ndicho kibovu.

Apolinaria aliukagua mguu. Ulikuwa umefungwa sawa, kijimkono chake kiko juu ya parafujo, meno yanauma. "Sielewi," akasema. "Sielewi, jamani. Huu haujawahi kunifanyia hivi."

Tufaha alizunguka ule mfarishi, akazunguka tena, mkono wake ukicheza bila kificho. Wiki ijayo, Jumatano! Na wifi yake Hafsa atakuja na vidole vyake vya kupapasa kila mshono. Akilini alimwona bibi yake, mama wa mama, akiwa ameketi mkekani na sindano, akifika mwisho wa mstari, akikata uzi, akijikokota kwa makalio mpaka upande wa kichwani kuanza upya. Tufaha alikuwa mtoto, alimwuliza kwa nini asirudie hapo hapo. Bibi akamwambia, mfarishi hauendi na kurudi. Ukiushona kwa kwenda na kurudi, bibi arusi atarudi.

"Nilidhani ni ushirikina," akasema.

"Nini?"

Akamweleza. Apolinaria akapiga magoti, akafuata mistari kwa kidole, wa kwenda, wa kurudi, wa kwenda. "Hata kwa mguu huu kitambaa kinasogea kidogo," akasema polepole. "Kidogo kama unywele. Ukienda, kinasogea huku. Ukirudi, kinasogea kule. Kila mmoja anamvuta mwenzake." Akajipiga paji la uso. "Mimi na ng'ombe zangu! Nisamehe, Bi Tufaha."

"Nikusamehe nini? Bibi aliniambia, nikamwona mjinga. Leta wembe."

Wembe aliushika Apolinaria, maana huo haukuwa wa kupewa Tufaha. Walifumua mistari yote ya kurudi, fundi akikata na Tufaha akinyofoa nyuzi, na wenye bodaboda waliokuja kuuliza viti vyao waliambiwa wakalie masufuria. Kisha wakaanza upya: kichwani mpaka miguuni, kata, rudi mtupu, kichwani mpaka miguuni. Ilikuwa kazi ya kuchosha na Tufaha aliifanya kwa hasira, si na mtu, bali na siku zilizokuwa zinakimbia. Aliikanyaga pedali mpaka Apolinaria akamwambia ataichoma mashine. Jumatatu alasiri mstari wa mwisho ulikatwa uzi. Wakautandaza. Ulilala sakafuni umenyooka pande zote nne, na kona moja wazi, inangoja karafuu.

Kwa ile kona alikuwa na mpango. Miwani yake aliiacha makusudi kwa Apolinaria, chini ya lundo la vitambaa. Wakimpa sindano atasema, "Ole wangu, sioni, miwani nimeipoteza," na Hafsa, anayependa kutangulia mbele, ataifunga yeye. Mpango mzuri. Alijisifu nao njia nzima ya kurudi nyumbani.

Jumanne alasiri wakaja. Sebule ilijaa mabaibui na udi, kahawa ikazungushwa na Haifa, na mfarishi ukaletwa ukakunjuliwa katikati ya mkeka. Wakaguna kwa kuridhika. Mmoja alikiona kipande cha gauni la marehemu dada yake, akajifuta machozi. Hafsa, dada wa marehemu mume wa Tufaha, alipiga goti moja akapitisha vidole juu ya mistari, mmoja baada ya mwingine, kama mnunuzi asiyeamini mizani.

"Cherehani," akatamka.

"Cherehani," Tufaha akakubali. "Lakini nimeshona mimi, wifi. Kila mstari."

"Umenyooka," Hafsa akasema, na kwa Hafsa hiyo ilikuwa kasida nzima. "Haya, maliza kazi yako. Karafuu hizi hapa."

Karafuu Tufaha alizitia kwa kiganja, harakaharaka, zikamwagika mbili tatu na hakuna aliyejali. Sahani yenye sindano na uzi ikasogezwa. Tufaha akajipapasa kifuani, akajipapasa mfukoni, akafanya uso wa mshangao. "Ole wangu! Miwani yangu. Sijui nimeiacha wapi, na bila miwani mimi ni kipofu. Wifi, nisaidie wewe."

"Mama ndiye anayefunga," Hafsa akasema. "Mimi na wewe macho yetu yamezeeka pamoja. Vaa yangu." Akaivua, akamvisha yeye mwenyewe, kwa upendo kabisa.

Kupitia miwani ya wifi yake Tufaha aliiona sindano kubwa na wazi kama msumari. Wanawake wote wakamkodolea macho, wanangoja. Mkono wa kulia ulikuwa chini ya mtandio, na alijua kwamba akiutoa tu, kila kitu kitatoka nao. Akautoa nusu. Akaurudisha.

"Nipisheni," Haifa akasema.

Alikuwa ameweka chini sinia la kahawa. Akapita katikati ya shangazi zake, akaketi mkekani ubavuni mwa mama yake, upande wa kulia, akaisukuma ile sahani pembeni. Kwenye ukosi wa gauni lake ilikuwa imechomekwa sindano nyingine, tayari ina uzi, uzi wa rangi ileile ya mfarishi, umekwisha kufungwa fundo.

"Bibi arusi kujifungia mwenyewe?" Hafsa akang'aka. "Tangu lini?"

"Tangu leo, shangazi. Mimi ndiye nitakayelala humu. Uzi ukikatika nijilaumu mwenyewe, nisije nikawapigia simu usiku kuwalalamikia."

Wakaangua kicheko, mmoja akapiga kigelegele, mwingine akasema mtoto huyu amekosa haya, na hata Hafsa akacheka kwa pua. Haifa alikuwa ameinama, anashona. Tufaha hakucheka. Alikuwa anautazama ule ukosi pale ilipochomolewa sindano.

Wageni walipoondoka alimkuta chumbani. Sanduku lilikuwa wazi kitandani, na Haifa alikuwa anaukunja mfarishi.

"Ile sindano uliitia uzi lini?"

"Jana."

Tufaha akaketi pembeni mwa kitanda. Miwani ya Hafsa ilikuwa bado usoni mwake, akaivua. "Unajua tangu lini?"

"Tangu Ramadhani. Uliacha kumimina uji wa futari. Ukawa unaniambia nimimine mimi, eti nijizoeze kuwa mwenye nyumba." Haifa aliendelea kukunja. "Na Isevya nilikuona. Nilikuwa napita na bodaboda. Ulikuwa umeinama kwenye mashine, Mama Flavia amesimama nyuma yako. Dereva alitaka kusimama nikusalimie, nikamwambia twende."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Kwa sababu ungenijibu." Sasa mikono yake ilisimama. "Ungeniambia, mama, ningebaki. Ningewezaje kwenda, umeniambia? Kila swala nilikuwa naomba usiniambie. Nilimwomba Mungu unidanganye vizuri."

Miezi yote ile Tufaha alikuwa amejiandaa kwa mtoto anayeondoka kwa kutojua. Anayejua na bado anaondoka hakuwa amejiandaa naye. Alikuwa amejiambia siku zote kwamba Haifa ni yeye, damu ileile, moyo uleule. Kumbe siye. Haifa alikuwa na kitu ambacho yeye hakuwa nacho alipokuwa msichana, na Tufaha hakujua akiite ushujaa au ukatili. Kilimuuma kwa majina yote mawili.

"Niambie nibaki," Haifa akasema, na sasa alikuwa analia waziwazi, kama mtoto, pua na macho. "Sema tu, mama. Ukisema nampigia Yaser sasa hivi."

Neno lilikuwepo. Lilikuwa limekaa juu ya ulimi, dogo, jepesi, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu kwa kulisema. Mkono wake ulikuwa unatetemeka pajani, hakuuficha, na Haifa alikuwa anautazama bila kugeuza macho. Tufaha aliwaza asubuhi za nyumba hii bila sauti nyingine ndani yake. Aliwaza nani atamfungia vifungo.

"Nenda," akasema. Lilitoka kavu, kama la mtu anayefukuza mbuzi shambani. Akajaribu tena. "Nenda, mwanangu."

"Kweli, mama? Kweli unataka niende?"

"Si kweli," Tufaha akasema. "Sitaki. Nenda hivyo hivyo."

Haifa akajifuta uso kwa kiganja, akaulaza mfarishi juu ya nguo nyingine, akalifunga sanduku, na kesho yake akaenda.